Mtoto Anapocheza, Anafikiri? Somo Tulilolipata Kizimbani



Katika likizo iliyopita, wanne kati yetu tulitumwa Unguja kusaidia mafundisho ya watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Jumamosi moja tuliwapeleka watoto hao, 27 kwa idadi, kutembelea mashamba ya viungo Kizimbani. Ilikuwa safari ya kupumzika tu. Tulikodi daladala, tukabeba maandazi na maji, tukaondoka mjini asubuhi. Hatukujua kwamba tungerudi na swali ambalo halijatuacha hadi leo. Je, mtoto anapocheza anaacha kufikiri, au anafikiri kwa njia nyingine?

Tunaliandika swali hili hapa kwa sababu linawahusu makatekista, wazazi na walezi wa Utoto Mtakatifu, na linatuhusu sisi tunaotarajia, Mungu akipenda, kuwa mapadre wa hao watoto.

Pale Kizimbani mwongozaji alitutembeza kwenye mdalasini, hiliki, pilipili manga na vanila. Kila tulipofika kwenye mti alichuma jani, akalisugua, akatuambia tunuse na tukisie. Kisha kijana mmoja akapanda mnazi, kamba ikiwa imezungushwa miguuni, huku akiimba na kuyumbisha mwili kule juu kana kwamba yuko ukumbini. Watalii waliokuwa karibu walipiga picha. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja wetu akasema, "Huyu angekuwa na akili asingecheza kule juu." Mwongozaji akamjibu kwa upole, "Frateri, asingekuwa na akili angeshaanguka."

Tulicheka, lakini neno lile lilitukaa.

Baadaye kidogo mvua ikashuka ghafla. Tukakimbilia banda la makuti, na ili watoto wasianze kusukumana tukaanza maswali ya katekisimu. Walijibu wote kwa pamoja, kwa sauti moja, bila kukosa neno. Tulipouliza juu ya Ekaristi walijibu hivyo hivyo, kama kwaya iliyofanya mazoezi mwezi mzima. Tukafurahi. Kisha tukamwomba msichana mmoja wa darasa la nne aseme jambo hilo hilo kwa maneno yake. Akanyamaza. Akamtazama jirani yake, jirani naye akatazama chini. Tukamwuliza mwingine, ikawa vilevile. Yale majibu mazuri yalikuwa ya kundi, na hapakuwa na hata mtoto mmoja aliyekuwa nayo peke yake.

Ndani ya banda lile alikuwapo mzee mmoja aliyeketi kwenye jamvi akichambua karafuu, punje upande huu, makonyo upande ule. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akaanza kuwaeleza kazi yake. Akawaambia kwamba karafuu mbichi kilo 3 hivi, ikikauka vizuri juani, hubaki kilo 1 tu. Kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyesha, tukawapa watoto kazi: watuonyeshe safari ya karafuu kutoka mtini hadi guniani, bila kusema neno, kwa kucheza tu. Tulitaka tu kuwashughulisha.

Mvulana mmoja akageuza ndoo na kuanza kuipiga. Mwanzo ulikuwa mwepesi. Wengine wakawa miti, mikono juu, wengine wakawa wachumaji. Ugomvi ulianza kwenye kuchambua, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa makonyo. Wakabishana mpaka babu akawaambia kwamba hata makonyo yana thamani, hukamuliwa mafuta. Hapo wakapatikana wa kujitolea. Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye kukausha. Wataonyeshaje kwamba kilo 3 zimekuwa 1? Mvulana mmoja akasema katika kila watoto watatu, wawili waondoke. Yule msichana aliyenyamaza kwenye swali letu akamkatiza: "Waende wapi? Karafuu haiibiwi pale jamvini." Wakafikiri. Mwingine akasema kinachoondoka ni maji. Basi yule msichana akawapanga upya. Watatu washikane kwa kukumbatiana, wawe karafuu moja mbichi. Jua likija, wawili walegee, wainuke taratibu, waende zao juu kama mvuke. Mmoja abaki, ajikunje, awe mdogo na mgumu. Wakajaribu, wakacheza, wakarudia. Mara ya pili mmoja akagundua kwamba yule anayebaki hapaswi kubadilika sana, "maana bado ni karafuu, imebadilika rangi tu." Wakamwambia asijifunike uso.

Sisi mafrateri tulikuwa tumesimama kando, hatusemi kitu. Mwaka mzima tulikuwa tumesoma darasani juu ya kitu chenyewe na sifa zake, jinsi kitu kinavyoweza kubadilika rangi, uzito na umbo kikabaki kuwa kile kile. Tulifanya mitihani juu ya Aristotle. Na hapa watoto wa darasa la nne walikuwa wamefika mlangoni pake kwa miguu yao.

Tujiulize walifanya nini hasa. Waligawa jambo moja refu katika hatua, wakazipanga hatua hizo kwa utaratibu. Walitafuta alama ya kila hatua. Walikutana na hesabu ya tatu kwa moja wakaigeuza kuwa kitu kinachoonekana. Mmoja alitoa pendekezo, mwingine akalipinga kwa sababu, wa tatu akaleta sababu bora. Walijaribu, wakaona kosa, wakajisahihisha. Haya yote ndiyo tunayoyaita kufikiri. Lugha yetu imeshalisema jambo hili siku nyingi, kwa kuwa tunachambua karafuu na tunachambua hoja kwa neno moja. Mwenye kuchambua anatenganisha punje na kikonyo, na hawezi kufanya hivyo bila kuitazama kila punje.

Kwa nini mchezo ulifanya kile ambacho swali letu lilishindwa? Tunadhani sababu ni hii. Katika kujibu kwa pamoja, mtoto anaweza kujificha ndani ya sauti za wenzake. Akifungua mdomo tu inatosha. Katika mchezo ule hapakuwa na pa kujificha, kwa maana kila mmoja ilimbidi auweke mwili wake mahali fulani, na mahali hapo palikuwa ni jibu. Ukisimama pasipofaa, kila mtu anaona, nawe unaona, na kosa linarekebishwa kwa hatua moja bila aibu. Aliyekosea kwa maneno huchekwa, lakini aliyekosea mchezoni husogezwa tu.

Lakini tusidanganyane. Tuliporudi mjini tulilewa furaha ya Kizimbani, tukatunga mchezo wa Amri Kumi. Tulipanga kila hatua sisi wenyewe, tukawafundisha watoto wiki nzima, wakaucheza vizuri sana mbele ya wazazi. Siku iliyofuata tukawauliza kwa nini katika amri ya nne walikuwa wanapiga magoti upande wa kushoto. Jibu lilikuwa, "Mlituambia hivyo, frateri." Ulikuwa ukimya ule ule wa bandani, umehama tu kutoka mdomoni kwenda miguuni. Tulikuwa tumewakaririsha kwa miguu.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kucheza kokote kunafundisha kufikiri. Kama hatua zote zimeamuliwa na mwalimu, mtoto anabaki mwigaji, hata akiwa mwigaji hodari. Kufikiri kunaanza pale anapoachiwa uamuzi: tutaonyeshaje jambo hili, nani asimame wapi, kwa nini hivi na si vile. Kazi ya mwalimu ni kuuliza swali zuri, kuweka mipaka, na kunyamaza.

Sisi wanafunzi wa falsafa tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, maana vitabu vyetu vimelisema. Plato, katika kitabu chake cha Sheria, anamhesabu asiyefundishwa kuimba na kucheza pamoja na wenzake kuwa mtu ambaye hajaelimika. Aristotle anafundisha kwamba nafsi haifikiri pasipo picha. Mtakatifu Thomas wa Akwino analichukua wazo hilo na kulifafanua katika Summa. Anasema akili ya mwanadamu, maadamu imeungana na mwili, inahitaji kuzigeukia picha zilizoletwa na hisi ili ielewe, na ndiyo maana tukitaka kumwelewesha mtu tunampa mifano. Kwake mtu ni roho na mwili katika umoja, na roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili wa mtu. Hakumwona kuwa roho iliyopanga chumba ndani ya mwili.

Ni René Descartes, katika Tafakuri zake za mwaka 1641, aliyeitenga akili na mwili kama vitu viwili tofauti, ingawa mwenyewe alikiri kwamba viwili hivyo vimeungana kwa karibu sana. Shule zetu nyingi zimechukua ule utengano na kuuacha ule muungano. Tunapomwambia mtoto "tulia ufikiri", kana kwamba mwili ni kelele inayoizuia akili, tunazungumza kama wanafunzi wa Descartes wakati tunajiita wanafunzi wa Thomas.

Na Kizimbani ni mahali panapotukumbusha gharama ya kutenganisha hivyo. Wanahistoria humtaja Saleh bin Haramil al-Abry miongoni mwa waliotangulia kupanda karafuu Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, na Kizimbani imo katika mashamba ya awali kabisa. Mashamba yale yalikuzwa kwa jasho la watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapoteza nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Mapadre waliofika Unguja mwaka 1860 wakitokea Réunion waliwakuta watu wanaohesabiwa kuwa mikono na migongo tu. Ukishaamini kwamba kuna watu ambao ni mwili na wengine ambao ni akili, umeshafungua mlango wa ubaya mkubwa. Mtoto anayeambiwa "wewe unajua kucheza tu" hatendewi uovu wa kiasi hicho, hilo tunalijua. Lakini anasikia mwangwi wa kosa lile lile.

Watu wa pwani hawakulifanya kosa hilo katika ngoma zao. Ndugu zetu Waislamu wa Unguja wana Maulidi ya Homu, ambamo wanaume hupiga magoti kwa safu na kuinama na kuinuka kwa pamoja wakifuata matari. Anayeitazama kwa makini anaona umakini unaoishinda midomo yetu inayosali huku macho yakizunguka kanisani. Pemba wana kibati, ngoma ya majibizano ya papo kwa papo, ambayo mzito wa kufikiri haiwezi. Na katika unyago, mwanamke anayemfundisha mwali huitwa somo, neno hilo hilo tunaloliandika ubaoni. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, nyumbani alikuwa pia mwalimu wa unyago. Hatusemi kwamba kila kinachofundishwa unyagoni kinakubaliana na Injili. Tunasema mafundisho yale yalipita katika ngoma na mafumbo, na mwali alitakiwa kufumbua.

Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere aliliona pengo hili mapema. Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kama Rais wa Tanganyika, alisikitika kwamba wasomi wa siku zile walijua kucheza rumba na waltz, lakini wengi hawakuwahi kucheza Gombe Sugu, wala hata kuisikia, na alitaja pia Lele Mama yetu ya pwani. Aliunda wizara ya utamaduni. Mwaka 1981 nchi ikapata Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Hata hivyo, kwa mawazo yetu, taifa lilichukua nusu tu ya hoja ya Mwalimu. Ngoma tuliipeleka jukwaani, kwenye sherehe na mapokezi ya wageni. Darasani hatukuipeleka.

Wapo waliojaribu. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa pamoja, wakataja matatizo yanayowazuia kusoma, wakayachambua wapate vyanzo vyake, kisha wakayaonyesha kwa ngoma, nyimbo na maigizo mbele ya walimu na wazazi, na baada ya onyesho wakajadiliana nao. Shirika la FAWE liliuchukua mradi huo na kuupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Tazameni mpangilio wake. Uchambuzi ulitangulia, onyesho likafuata, mjadala ukamalizia. Ngoma ilikaa katikati ya kufikiri. Sisi na mchezo wetu wa Amri Kumi tulianzia kwenye onyesho na tukaishia hapo hapo.

Sasa tuzijibu hoja za wanaotupinga, maana si hoja nyepesi.

Ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja aliyetufuata baada ya mafundisho. Alisema kwa heshima, lakini kwa uchungu, "Frateri, mimi mtoto nimemleta ajifunze sala. Ngoma zipo mtaani tele." Mama huyu hakukosea. Ana saa moja kwa wiki ya kumkabidhi mtoto wake kwa Kanisa, katika kisiwa ambako Wakristo ni wachache na mtoto huulizwa juu ya imani yake na wenzake kila siku. Anataka mtoto awe na jibu. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo tunasisitiza. Rafiki yake wa darasani, akimwuliza kwa nini Wakristo wanaabudu mkate, hatamwuliza kwa maneno ya katekisimu. Mtoto aliyekariri tu atanyamaza kama walivyonyamaza wale wa bandani. Kukariri hatukutupi, kwa kuwa sala na kanuni za imani ni lazima zikae kichwani. Tunaomba tu kwamba kichwani zisikae peke yake.

Hoja ya pili ni ya wasomi: je, kuna ushahidi? Mwaka 2000 watafiti watatu, Mia Keinänen, Lois Hetland na Ellen Winner, walikusanya tafiti zilizokuwapo juu ya dansi na uwezo wa akili. Walikuta kwamba kujifunza dansi kunaelekea kusaidia fikra za maumbo na nafasi, zile zisizotumia maneno, lakini hawakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba kunaboresha kusoma. Yaani faida inaenda karibu, haiendi mbali. Tunalipokea hilo bila kinyongo, na hatutamwahidi mzazi yeyote kwamba mwanawe akicheza atapata alama nzuri za hisabati. Tunachosema ni kidogo zaidi, na tunadhani kina nguvu zaidi. Ukitaka mtoto alifikirie jambo fulani, mwache alicheze jambo hilo hilo. Watoto wa Kizimbani walielewa kukauka kwa karafuu kwa sababu walicheza kukauka kwa karafuu. Wangecheza kitu kingine wangeelewa kitu kingine.

Hoja ya tatu inahusu liturujia. Wapo watakaosema tunataka kuigeuza Misa kuwa uwanja wa ngoma. Hapana. Mwaka 1975 jarida la Notitiae la Vatikano lilichapisha maelezo juu ya dansi na liturujia, likitofautisha tamaduni ambamo dansi ni burudani na zile ambamo kucheza bado ni sala. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambamo mwili unaosogea kwa ibada una nafasi yake. Maamuzi ya aina hiyo ni ya maaskofu. Sisi tunazungumzia darasa la mafundisho, ambako hakuna rubrika inayokataza mtoto kusimama kwenye benchi lake. Hata hivyo tunajua kwamba Miriamu alichukua tari baada ya kuvuka bahari, na kwamba Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano mpaka mkewe akamdharau. Kinachosahauliwa ni kwamba Daudi alipodharauliwa alikuwa na sababu ya kumpa mkewe. Alijua kwa nini anacheza, na mbele ya nani. Watoto wetu wanaocheza mbele ya matoleo kila Jumapili wangeulizwa swali la Mikali, wangejibu nini?

Hoja ya nne ni ya staha. Unguja ni mahali pa heshima, na majirani zetu wanatutazama. Hilo tunalikubali lote. Mchezo wa kufikiri hauhitaji kukata kiuno. Watoto wa Kizimbani walitumia mikono, magoti na nafasi kati yao. Mmoja wao mguu wake una matatizo, akawa jua, akasimama palepale akinyoosha mikono polepole, na wenzake wote ilibidi wafuate kasi yake.

Sasa turudi kwa yule msichana. Wiki mbili baada ya safari tulikuwa tunafundisha juu ya Ekaristi, kwa njia yetu ya zamani, ubaoni. Akanyoosha kidole. Akasema, "Frateri, kule Kizimbani karafuu ilibadilika rangi, lakini ilibaki karafuu. Hapa mkate haubadiliki rangi, wala ladha. Basi kinachobadilika ni nini?"

Darasa lilitulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameulizwa swali zuri kiasi hicho na mtoto, na tuseme ukweli, hata sisi wenyewe tulikuwa hatujaliuliza hivyo. Tulimjibu tulivyoweza. Tulimwambia kwamba ameona vizuri, kwamba hapa mambo yamegeuka kinyume cha karafuu. Maumbo ya mkate na divai yanabaki yote, lakini kilichopo si mkate tena wala divai, ni Kristo mwenyewe, mzima, na hilo hakuna jua wala mikono ya mtu inayoweza kulifanya, ila neno la Kristo na nguvu ya Roho Mtakatifu. Akafikiri kidogo. Akasema, "Kwa hiyo hii hatuwezi kuicheza." Tukamwambia hapana, hii hatuwezi kuicheza. Tunapiga magoti.

Tumelitafakari jibu lake mara nyingi. Mchezo ulimpeleka mpaka pale akili inapoishia, na alipofika alitambua mwenyewe kwamba ameishia. Hatujui njia nyingine ambayo ingemfikisha pale akiwa na miaka 10. Maneno ya katekisimu aliyoyakariri, ambayo bandani yalikuwa ya kundi, siku ile yalikuwa yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, yote yanawezekana bila fedha.

Kwa makatekista: katika kila somo kuwe na swali moja ambalo watoto watalijibu kwa miili yao kabla ya kulijibu kwa midomo. Dakika 10 zinatosha. Waachwe wabishane. Baada ya kuonyesha, waeleze, maana bila maelezo tumefanya nusu ya kazi.

Kwa walezi wa Utoto Mtakatifu: mkiandaa mchezo wa matoleo, waachieni watoto wachague angalau hatua moja, na wawaambie kwa nini wameichagua. Sababu ikiwa mbaya, wasaidieni waone ubaya wake. Msiwape ya kwenu haraka.

Kwa wazazi: mtoto akirudi nyumbani msimwulize tu, "Leo mmefundishwa nini?" Mwulizeni, "Leo mmecheza nini, na kwa nini mlicheza hivyo?" Akishindwa kujibu swali la pili, mtatuambia sisi, na tutakuwa tumestahili kuambiwa.

Kwa sisi waseminari: tunafundishwa kuhubiri, kuimba na kuandika insha. Tujifunze pia kusimama kando na kunyamaza wakati watoto wanatafuta. Kwetu hilo ni gumu kuliko mantiki.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa watoto wa Kikristo wa Unguja, kwao ni wapi kama si katika Kanisa? Tuwatunze kwa kuwauliza. Yeyote kati yenu, wasomaji wetu, aliyewahi kujaribu njia kama hii parokiani kwake, iwe ilifaulu au iliharibika kama Amri Kumi zetu, tunaomba atuandikie. Likizo ijayo tunatarajia kurudi, na yule babu wa Kizimbani ameshatuma salamu kwamba watoto wakija, safari hii watacheza vanila.